Kipande cha Daudi

14 Novemba

Mama mkwe wangu anajua kitu na hataki kuniambia. Naandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitaonekana mkorofi, na katika kijiji hiki mke aliyetoka Tukuyu huwa mkorofi hata kabla hajafungua mdomo.

Mambo yenyewe ni haya. Mume wangu Daudi aliondoka mwezi wa nane kwenda Mtera kununua samaki wakavu, aje awauze hapa Zuzu na mjini Dodoma. Ndiyo kazi yake, anakwenda na kurudi. Safari hii hakurudi. Simu yake haipatikani tangu mwisho wa Septemba. Mwanzoni mama yake alilia kama mimi, pengine kunizidi. Kisha siku moja Oktoba akaacha. Akanawa uso, akajifunga kitambaa kichwani, akatangaza kwamba Mungu amemwahidi kuwa Daudi atarudi na atakula uwele wa msimu huu. Tangu siku hiyo anachota maji akiimba.

Mimi ni fundi cherehani. Nguo ikimkaa mtu vizuri kupita kiasi, huwa naigeuza ndani nione imeshonwaje. Mama hawezi kuacha kumlilia mwanawe hivi hivi. Ameambiwa. Amepigiwa simu. Daudi yuko mahali, kuna mwanamke huko, na mama yake anamfichia. Halafu mimi naambiwa ni ahadi ya Mungu, ili niogope kuuliza.

Kaka yangu amepiga simu kutoka Tukuyu. Amenitafutia kibaraza sokoni, cherehani ipo, chumba kipo. Nimemwambia nitakaa hadi mavuno. Daudi asipotokea, nachukua mtoto wangu Anna na kuondoka.

19 Novemba

Joto. Vumbi limeingia hadi kwenye mafuta ya cherehani.

23 Novemba

Leo tumepanda, na mvua haijulikani iko wapi. Wenyewe wanaita kuberega. Hulimi. Unasafisha mabua ya mwaka jana, unayachoma, unatoboa udongo mkavu kwa jembe, unatupia mbegu, unafukia kwa mguu, basi, unakwenda zako nyumbani. Nimekaa huku miaka saba na bado moyo unaniuma kuona mbegu nzuri zikitupwa vumbini. Kwetu udongo ni mweusi na mvua hunyesha hata usipoiomba.

"Mama, isiponyesha?" nilimuuliza.

"Itanyesha."

"Nani kasema?"

Alifukia shimo lake kwanza. "Mama Anna, huku kwetu anayengoja mvua ndipo apande, mwezi wa tano anakula kwa jirani."

Katika nyumba hii kila mtu mzima ana kipande chake shambani, na chakula cha kipande hicho kinaitwa kwa jina lake. Alipanda chake, nikapanda changu. Nikadhani tumemaliza. Akafungua kitambaa kingine, mbegu zilizochaguliwa moja moja, akaenda kwenye kipande cha Daudi kando ya kichuguu, akaanza kutoboa.

"Hiki atakivuna mwenyewe," alisema.

Alivyosema! Kama mtu anayetaja siku ya mnada. Nilimtazama hadi akanipa kisogo. Mtu hawi na uhakika wa namna hii bila kuwa na kitu mkononi.

1 Desemba

Kanisani. Mama alisimama akatoa ushuhuda wake tena, uwele, Daudi, ahadi. Watu wakasema amina. Mwinjilisti Bartolomayo hakusema amina. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Nimeliweka moyoni.

4 Desemba

Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la Halfani. Ni Mrangi wa Kondoa, mtu wa swala tano, anauza sukari, sabuni, na samaki wakavu anaowafuata mwenyewe Mtera. Yeye na Daudi walikuwa wakisafiri pamoja mara nyingine. Zamani alikuwa hanyamazi, atakuhadithia bei ya vitunguu Kondoa hadi uzi ukukatikie. Siku hizi nikifika anapanga makopo ambayo tayari yamepangwa. Anna akipita anampa biskuti, bure. Sasa jamani, mfanyabiashara wa Kondoa akianza kugawa biskuti bure, lazima ujiulize.

Nikamuuliza waziwazi: "Kaka Halfani, huko Mtera hujamwona mwenzako?"

"Mtera kubwa, Mama Anna."

"Kubwa, lakini watu wanajuana."

Akachukua ufagio akafagia sakafu iliyokuwa safi.

Basi na yeye yumo. Yeye ndiye anayepeleka na kuleta habari.

12 Desemba

Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda Kondoa.

17 Desemba

Mvua! Mama alitoka nje akasimama ndani yake na nguo zake zote.

22 Desemba

Uwele umeota. Kipande cha Daudi kimetangulia kuota, kama kawaida ya watoto wanaopendelewa. Mama alinipitisha hapo makusudi. Alitabasamu tu. Nilitamani niling'oe tabasamu lile.

25 Desemba

Krismasi. Mama alimchinjia Anna kuku. Kipapatio kimoja akakiweka kando ndani ya bakuli lililofunikwa. Sikuuliza ni cha nani.

Mchana mwinjilisti Bartolomayo alikuja kusalimia. Baada ya soda, yeye na mama wakaenda nyuma ya nyumba "kuomba". Mimi nikakumbuka kuwa kuna nguo za kuanua huko huko. Nilisikia sauti ya mwinjilisti:

"Mama Raheli, hata lini? Ni haki yake."

Na mama: "Hata Mungu atakapofungua."

Nilipotokea wakafumba macho wote wawili, wakaendelea na sala kana kwamba walikuwa katikati yake. Haki yangu. Ndivyo alivyosema, haki yake, na hapa mwenye haki ni nani kama si mimi? Hata mtu wa kanisa anajua. Kijiji kizima kinanila nyama na mimi ndiye nimewapikia.

8 Januari

Tunapalilia. Leo nimekwenda shambani kwa njia ya reli badala ya njia ya kawaida, nikamkuta Halfani kwenye kipande cha Daudi. Halfani! Ana jembe, amekunja suruali, anapalilia. Mtu huyu tangu aje Zuzu sijawahi kumwona ameshika kitu kizito kuliko kalamu.

"Karibu, kaka. Umepotea?"

"Nimepita tu, Mama Anna."

"Na jembe?"

Akafuta jasho. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni vumbi. "Daudi ni ndugu yangu," akasema. "Nikaona majani."

Ndugu yake amemwachia kazi, hiyo ndiyo habari. Amemwambia nisaidie kwa mama, mimi niko huku nimeshikika. Nilirudi nyumbani nikashona sketi za shule kwa hasira hadi nikavunja sindano.

15 Januari

Mvua ndogo.

27 Januari

Hakuna mvua.

6 Februari

Jua.

7 Februari

Jua. Majani ya uwele yamejikunja. Wazee wanasema Februari huwa hivi, lakini wanalisema wakitazama chini.

9 Februari

Kanisani tumefunga na kuomba mvua. Mama alipiga magoti sakafuni tangu mwanzo hadi mwisho na hakutingisha hata bega. Nilikuwa nyuma yake nikimtazama. Mwandishi wa kitabu hiki aliomba pia, isije ikasemwa hakuomba. Sikuomba mvua. Niliomba niwakamate.

14 Februari

Loisi, jirani yetu, amekuja kushonesha blauzi. Akaniuliza, kwa upole, kama nami naamini ile ahadi ya mama. Nikamwambia naamini nikikishika. Akasema, "Basi wewe huamini, Mama Anna. Unahakiki." Nikamwongezea sentimita mbili kiunoni, atajua mwenyewe.

19 Februari

Sijui nianzie wapi. Nitaandika yote.

Mama ana homa tangu juzi. Zahanati wamesema malaria, wamempa dawa, analala na kuweweseka. Unga uliisha jana. Kihenge cha uwele ni cha mama, na hapa kwao kihenge cha mwanamke hakuna mwingine anayetia mkono, hata mumewe, hata mkwe wa miaka saba. Yeye huchota, yeye hupima, mimi hupokea. Leo asubuhi nikamwambia, "Mama, nichote uwele tusage?" Akashtuka, homa na yote, akanishika mkono.

"Usichote. Nenda kwa Loisi ukaazime unga."

Kuazima unga, na kihenge chetu bado kina uwele! Nilimwitikia ndiyo mama. Alipolala nikaburuta kigoda, nikainua kifuniko, nikaingiza kichwa na mikono yote miwili.

Uwele ulikuwa umebaki chini kabisa. Nilipochota kwa bakuli likagusa kitu laini. Nikachimbua. Mfuko wa plastiki, ndani yake koti.

Koti la Daudi. Nililishona mimi kwa kitambaa kizito cha rangi ya udongo, na mfuko wa ndani nikautia kipande cha kitenge changu, ili akiingiza mkono anikumbuke. Aliondoka amelivaa. Nililifunga vifungo mimi mwenyewe asubuhi ile kwa kuwa kulikuwa na baridi. Sasa liko ndani ya kihenge cha mama yake, limefuliwa, limekunjwa, linanukia sabuni.

Nitaandika na hili, kwa sababu ndilo lililotangulia. Kabla ya hasira nilifurahi. Nilikaa chini pale kwenye vumbi la uwele nikalikumbatia koti nikacheka. Yu hai. Amekuja hapa.

Kisha hasira ikaja. Amekuja hapa! Mimi nikiwa barazani nashona nguo za watoto wa watu, yeye amekaa kwenye kitanda changu, mama yake amemfulia, amempikia, wakanicheka, akaondoka. Hakumsubiri hata mtoto wake atoke shule. Ndiyo maana ya nyimbo. Ndiyo maana ya "atakula uwele huu". Ahadi ya Mungu! Mungu gani anayefua makoti?

Nimesaga, nimesonga ugali, nimempelekea mama na mlenda. Amekula akiwa ameegemea bega langu. Sikumwambia kitu. Kesho naanza na Halfani.

20 Februari

Nilimwekea koti juu ya meza ya duka, katikati ya sukari na mizani. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kumnasa. Mtu anayeficha ukimwambia unajua, atasema mwenyewe.

"Mama amenieleza yote," nilimwambia.

Halfani aliliangalia lile koti. Mabega yake yalishuka, yote mawili, akavuta kiti akakaa. "Alhamdulillahi," akasema. "Amekwambia. Wallahi, Mama Anna, nilikuwa nimebeba mzigo. Kila ukikaa hapo na cherehani yako nasema leo namwambia, halafu naogopa kiapo. Mungu amrehemu."

"Amrehemu nani?"

Akanitazama.

"Amrehemu nani, Halfani?"

Akaelewa kwamba sikuwa nimeambiwa kitu. Akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniketisha juu ya gunia la mchele, akanisimulia akiwa amesimama.

Mwisho wa Septemba, Mtera, wachuuzi walipanda mtumbwi kuvuka kwenda kwa wavuvi wa upande wa pili. Upepo ukaja. Mtumbwi ukapinduka. Mmoja aliogelea akatoka. Wawili walitolewa, wakazikwa na ndugu zao. Daudi, aliyepanda amejifunga koti hadi shingoni kwa sababu ya baridi, hakuonekana. Wavuvi walimtafuta hadi wakachoka. Koti lilikutwa limenasa kwenye matete. Halfani alipofika kununua samaki wakampa, kwa kuwa walijua wanatoka kijiji kimoja. Akaja nalo Oktoba, akampa mama, akamwambia. Mama akamwapisha asiniambie, na kiapo hicho akakisikia mwinjilisti.

Niliuliza mambo ya kipumbavu. Niliuliza kama maji yalikuwa ya baridi. Niliuliza kama viatu vilionekana. Halfani alijibu kila kitu alichokijua, na asichokijua alisema sijui. Kisha akalia, mtu mzima, na mimi nikawa wa kumbembeleza.

Msimu mzima nimeona sawasawa: kweli walikuwa wakificha. Biskuti, ufagio, jembe, sala za nyuma ya nyumba, zote nilizihesabu vizuri, jumla yake ndiyo nikakosea. Laiti angekuwa na mwanamke. Namwomba Mungu leo kitu ambacho sikutegemea kukiomba: laiti angekuwa na mwanamke huko, na watoto, na anicheke.

21 Februari

Homa imemshuka mama. Nilimkuta amekaa mkekani uani. Nikaweka koti mapajani mwake. Hakushtuka.

"Umefungua kihenge," alisema.

"Umeniibia kilio changu, mama. Mume wangu amekufa tangu Septemba na mimi nashona sketi! Nimemtukana maiti msimu mzima. Nimemwita malaya."

"Nani amekufa? Umemwona?"

"Halfani amesema..."

"Halfani alisema hakuonekana. Nikamuuliza, umeona mwili? Akasema hapana. Nikamwambia basi, usimpelekee mke wake maiti ambayo hukuiona."

"Na wewe umeona kuwa yu hai?"

"Sijaona."

"Sasa?"

"Nimeahidiwa." Akalifungua koti, akalitandaza. "Wewe ni fundi. Hebu tazama vifungo."

Sikutaka kutazama. Nikatazama. Vyote vipo. Uzi haukuvutika mahali popote. Halfani alisema alipanda mtumbwi amevifunga vyote hadi shingoni, kama nilivyomfunga mimi, na halikuraruliwa na maji. Lilifunguliwa na vidole.

"Anayefungua vifungo majini anataka kuogelea," alisema mama. "Mwanangu alitaka kuishi. Ukianza kulia hapa, watu watakuja, watakaa matanga. Watu wakishakaa matanga, Daudi akitokea njiani atakuta tumeshamzika."

Nilimwambia maneno mabaya, sitayaandika. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilikuficha kwa sababu wewe huamini usichokishika, na nilikuwa na koti tu la kukupa."

2 Machi

Siongei naye. Tunapeana vyombo. Nalia shambani, nikiinama, ili Anna asione.

Sijui kama mimi ni mjane. Mtu akiniuliza hali najibu nzuri.

9 Machi

Mvua imerudi, kubwa, siku ya tatu sasa. Kanisani wameimba sana. Uwele uliokuwa umejikunja umefunguka. Mama alikuwa akishukuru kwa sauti na mimi nikajikuta nasikiliza ile sauti kwa makini, kama zamani, ila sasa natafuta kitu kingine. Haimbi tena akichota maji. Tangu nilipojua, haimbi.

Alipokuwa amebeba peke yake alisimama wima. Nilipoujua mzigo wake, umeanza kumlemea. Nasema, huyu mama ana shaka. Na nikiisema hivyo siridhiki kama nilivyofikiri ningeridhika.

16 Machi

Nimeanza tena kumwamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba, Mama Anna." Basi, hayo tu.

5 Aprili

Kweleakwelea. Wametua kama wingu kwenye mashamba ya upande wa reli, uwele wa watu umeliwa ukabaki mabua. Mama na mimi tunashinda shambani tangu alfajiri, tunapiga debe na kurusha mawe kwa kombeo. Leo walishuka kwenye kipande cha Daudi. Nilikimbia nikipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Mama alinikuta nimesimama katikati na mawe mikononi, sina sauti, bado natisha ndege kwa mikono.

Sijui kwa nini nilikipigania. Mwenyewe haji kula. Au anakuja? Ona sasa, na mimi nimeanza.

20 Aprili

Pasaka. Mwinjilisti alihubiri kuhusu kaburi lililokutwa tupu. Nikawaza, na sisi hatuna hata hilo kaburi. Mama alinishika mkono. Sikuuondoa.

10 Mei

Tumevuna. Cha mama, changu, na cha Daudi. Kipande cha Daudi kimezaa kuliko vyote. Hakuja kukivuna.

Tulikata masuke yake mimi na mama, kila mmoja akianzia upande wake, tukakutana kwenye kichuguu.

17 Mei

Leo tulikuwa tunapura. Mama alisimama ghafla, fimbo mkononi, makapi kwenye nywele.

"Nikwambie kitu," alisema. "Usimwambie mwinjilisti."

Nikaweka fimbo yangu chini.

"Ile siku Halfani alipoleta koti, nilipiga magoti ndani. Nikamuuliza Mungu, mwanangu yu hai? Hakunijibu. Niliuliza hadi sauti ikaniisha. Nilichokipata ni kimoja tu, na nilikipata kweli, Mama Anna, kama ninavyokuona wewe: *Niko nawe.* Basi. Hakuongeza."

"Na la kurudi?"

"La kurudi ni langu. Mtoto alitoka shule akauliza baba anarudi lini, nikamwambia atarudi, atakula uwele. Kesho yake nikalirudia kwa Loisi. Nikalisema kanisani, watu wakasema amina. Nikasahau kuwa ni mimi niliyelisema. Niko nawe halikunitosha. Nilimtaka Daudi."

Akaendelea kupura. Alipiga hadi nikamnyang'anya fimbo.

Tangu Novemba nimesema huyu mama anaficha kitu, na leo amenipa chote. Sikuona raha yoyote. Nilimpangusa makapi kichwani.

25 Mei

Leo ilikuwa ibada ya mavuno. Kila mwenye kipande huleta ungo wake mbele, na mwinjilisti husoma jina lake, watu wakapokea kwa vigelegele. Ikiwa ni nafaka ya mtu aliyefariki, kabla haijaliwa nyumbani, husomwa marehemu fulani, na kanisa zima husimama kimya. Ndivyo ilivyo hapa tangu zamani.

Mama alileta nyungo zetu tatu. Mwinjilisti alisoma Raheli, vigelegele. Akasoma Bupe, jina langu, vigelegele. Alipofika kwenye ungo wa tatu akasita. Akashuka madhabahuni, akainama kwa mama, akauliza kwa sauti ya chini, lakini kanisa letu ni dogo:

"Mama Raheli, huu niusomeje?"

Mama alifungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena. Watu waliokuwa wamesema amina msimu mzima walimtazama, na niliona anavyotafuta, akakosa. Hakuweza kusema atarudi, kwa maana alijua ni neno lake. Na lile jingine hakuweza kulisema, yeye ndiye aliyemzaa. Akanigeukia.

Mimi sikuwa na ushahidi. Sina mwili, sina kaburi, nina vifungo vilivyofunguliwa. Kwa desturi yangu ningesema ngojeni kwanza. Lakini nilimtazama yule mama, jinsi shingo yake ilivyokonda, nikaona tukimwacha aendelee kuitazama njia akimngoja, mwaka kesho atapanda tena kipande kile, na mwaka mwingine, hadi kimmalize. Nikasimama.

"Soma marehemu," nikasema. "Marehemu Daudi."

Kanisa zima likasimama. Nilisikia viti vikisogea, kisha kimya, kisha sauti ya mama. Ilikuwa ni kilio chote alichokikatiza Oktoba. Nilimkamata kabla hajaanguka na mimi nikalia changu, kwa nguvu, mbele za watu, pasipo kujificha shambani. Daudi, kama uko mahali na unapumua, nisamehe.

1 Juni

Matanga yamekwisha. Watu walijaa. Wanawake walilala nasi mkekani. Halfani alileta mchele na mbuzi, akakaa na wanaume uani siku zote, na hakuna aliyemwambia huu ni msiba wa Wakristo. Koti tumelizika kando ya kichuguu. Mwinjilisti alisema sala fupi, naye alilia.

Kaka yangu alikuja kutoka Tukuyu. Leo asubuhi akaniambia nifunge mizigo. Mama akamuunga mkono: "Nenda, mwanangu. Hapa hujafungwa. Nilikushikilia kwa ahadi, na ahadi haikuwepo."

Nikamwambia kaka sitaondoka.

"Sasa unabaki kumngoja nani?"

"Simngoji mtu."

"Una nini hapa, Bupe? Nioneshe."

Sikuwa na cha kumwonesha. Uwele kidogo, kaburi la koti, mama wa watu. Nilimwambia tu, "Mungu yuko nasi hapa." Hata mimi nilishangaa kujisikia. Kaka alitikisa kichwa, akambusu Anna, akawahi basi lake.

Mama alikuwa amesikia yote mlangoni. Akaja akakaa karibu yangu.

"Nani amekwambia yuko nasi?"

"Wewe."

"Mimi?" Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. "Nimekudanganya msimu mzima, Bupe. Wewe ambaye huamini hata rula mpaka uipime. Utaniaminije?"

"Yale mengine siyaamini," nikamwambia. "Hilo moja naliamini."

"Kwa nini hilo?"

"Kwa sababu halikukutosha, mama. Kama ungelibuni mwenyewe, ungelibuni likutoshe."